Kitambaa Kwenye Mti wa Mwasho

Tarehe 9 Februari 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kazini, juu ya meza ya kupigia pasi, kwa hiyo ukiona karatasi ina unyevu ujue ni mvuke, si machozi. Sisi wazima. Shemeji yako yuko kwenye duka lile lile la dawa, anauza vidonge na kuvisifia kana kwamba amevizaa yeye. Binti yetu Kidonge ametimiza miaka miwili juzi. Anajua maneno sita, na matano ni namna mbalimbali za kusema "sitaki". Nyumbani mvua zimenyesha? Paa la jikoni lilizibwa? Na cherehani yako, fundi ameiweza au bado inakusumbua?

Haya, sasa lililonifanya nishike kalamu. Ule mwasho wa mtoto umerudi. Ulianza nyuma ya magoti, ukaja kwenye viwiko, sasa umepanda shingoni. Anajikuna usingizini mpaka shuka linapata damu. Unga wa magome alioniachia Mama ndio uliokuwa unamtuliza. Nilikuwa namwogesha maji yake mekundu asubuhi na jioni, siku ya tatu ngozi imelala. Sasa umebaki wa kufunika kitako cha kopo tu. Nakuomba dada, nikatie mengine kwenye mti wa Mama. Usihangaike kusaga, nitasaga mwenyewe hapa.

Baba Kidonge hajui kama nimekuandikia. Yeye na magome hawapikiki chungu kimoja.

Mdogo wako, dobi asiyekauka.


Tarehe 27 Februari 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na unyevu wake, nikaianika kidogo ndipo nikaisoma. Hapa nipo, nasukuma siku. Mvua imenyesha, paa limezibwa, ni ndoo moja tu ndiyo bado inalala jikoni. Kuku wawili wamekufa, usiulize. Cherehani iko kwa fundi. Wateja wanalalamika, nami nawaambia wenye haraka washone wenyewe.

Magome hayo. Nimekata kwa mkono wangu, upande wa mawio, upana wa kiganja, nikapaka udongo kwenye kidonda cha mti kama tulivyofundishwa. Nimeyaanika siku nne kwenye ungo. Yachemshe, yapoe yawe vuguvugu, ndipo umwogeshe. Na huyo shemeji mwambie, siku akishikwa na upele yeye mwenyewe atakuja huku bila barua, na nitamwogesha mbele ya watu.

Nisalimie mtoto. Mwambie mama yake mkubwa naye alikuwa na maneno matano ya "sitaki" na hajaongeza mengi.

Dada yako.


Tarehe 20 Machi 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba kuku waliobaki wamebaki. Sisi tuna afya isipokuwa hiyo unayoijua. Kazini wametuletea mapazia ya ukumbi mzima, nimepiga pasi mpaka kivuli changu kimekunjika. Dada, mwandiko wako mbona umekuwa mkubwa hivyo? Maneno manne mstari mmoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Au karatasi huko zimekuwa za bure?

Kifurushi nilikipata. Nilisaga, nikachemsha. Maji yalitoka ya njano. Nikasema labda magome ni machanga, nikaongeza. Yakazidi kuwa ya njano, na yakawa yanateleza vidoleni. Nilimwogesha siku mbili tu nikaacha, maana alipiga kelele nilipomtia kwenye beseni, na ngozi ya shingo ikawa nyekundu zaidi.

Sisemi kitu. Nauliza tu. Unakumbuka ule mti wa pili, ule ulio hatua sita kutoka wa Mama, tuliouita Pacha? Sura moja, majani yale yale, ila maji yake ni ya njano. Mama alikuwa haruhusu hata mbuzi ajikune pale. Na alikuwa hampi mtu gome kabla hajaliloweka kwenye bakuli jeupe na kuona wekundu. Je, uliyajaribu kwenye bakuli?

Usinune. Nauliza kama mama wa mtoto.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa salamu yako safari hii ina mwiba ndani yake. Mimi mzima. Nyumba nzima. Cherehani bado.

Umeniudhi. Wewe ulikuwa unaruka kamba mimi nikimshikia Mama kikapu. Pacha nimeujua kabla hujaota meno. Tena Mama kabla hajafa aliufunga mti wake kwa kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani chenye nukta, na fundo analoliona hata mpita njia. Nimekata pale penye kitambaa. Bakuli nimelitumia. Maji yalikuwa sawa.

Sasa na mimi niulize, maana kuuliza umesema si kununa. Vifurushi vya posta vinapitia mkononi mwa nani kabla havijakufikia? Si vinapelekwa dukani kwa mumeo? Mtu anayekula kwa kuuza marhamu atafurahi vipi mkewe akimwogesha mtoto kwa magome ya bure? Sisemi ameyabadilisha. Nauliza. Na tena, mtoto mmoja anamalizaje kopo zima la Mama kwa mwaka? Au wateja wa udobi nao wanawashwa, na wewe unawapimia kwa kijiko?

Nimekata mengine, haya hapa, mengi kuliko yale. Kifungue kifurushi mwenyewe.

Dada yako, mkubwa wako.


Tarehe 2 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Sitaandika mengi ya hapa. Kidonge alilazwa siku tatu.

Nilifungua kifurushi kwa mkono wangu, mlango umefungwa, kwa hiyo mume wangu mtoe hapo. Nikachemsha. Ya njano. Nikajiambia dada yangu ameapa, dada yangu amekata penye kitambaa cha Mama, labda macho yangu ndiyo yana kasoro. Nikamwogesha. Asubuhi miguu yote imeota malengelenge, nyuma ya goti moja ngozi imetoka pamoja na taulo. Unasikia? Imetoka na taulo.

Daktari aliniuliza nimemwogesha nini. Nikamwambia sabuni mpya. Nilisimama pale nikamdanganya daktari kwa ajili yako, mtoto akilia mikononi mwangu. Baba Kidonge aliyakuta magome jikoni. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliyatia kwenye mfuko, akafunga, akayafungia kabatini.

Nimesoma barua yako ya Aprili mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeandika "maji yalikuwa sawa". Hukuandika mekundu. Mtu aliyeona wekundu anaandika mekundu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, dada. Niambie ulichokata na ulikikata wapi.

Mdogo wako.


Tarehe 10 Juni 1986

Dada,

Wiki ya sita hii. Ungekuwa unaumwa ningesikia. Ungekuwa umekufa ningeitwa. Kwa hiyo umenyamaza kwa makusudi.

Binamu yetu wa lori alipita huko mwezi jana. Ananiambia cherehani yako iko chumbani, imefunikwa shuka, vumbi juu yake la kuandikia jina. Fundi gani huyo tangu Februari? Anasema pia alisimama uani, ukampita na ndoo yako bila hata kumwitikia, kama umepita nguzo. Alikuja kwangu ameumia. Kumbe si mimi peke yangu uliyenisusa.

Nimekaa nimeshika tama nikitafuta sababu, na inayobaki ni moja. Siku nilipojifungua ulikuja, ukamshika mtoto, ukamrudisha upesi kama chungu cha moto, ukasema una safari. Najua ulimzika wako. Sijawahi kulisema kwa mdomo na leo nalisema kwa kalamu. Ni hilo? Mimi nikiwa naye na wewe huna, ndiyo imekufanya uone sawa maji ya njano?

Baba Kidonge anataka kupeleka ule mfuko polisi. Nimemwambia asubiri barua moja. Ni hiyo moja.

Sina la kuaga.


Tarehe 14 Julai 1986

Mdogo wangu,

Usishtuke, mwandiko huu si wangu. Ni wa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asirekebishe.

Barua zako mbili zimelala chini ya godoro langu, moja tangu Mei. Sikuzisusa. Sikuweza kuzisoma. Ya kwanza niliitoa nje juani, nikaigeuza, nikaisogeza mpaka ikagusa pua, nikaona vijimistari kama sisimizi wanaoogelea. Na sikutaka mtu mwingine aingie kwenye mambo ya nyumba yetu. Jana nimepiga moyo konde, nimemwita mwalimu. Amezisoma zote mbili. Alipofika pale pa mtoto wangu alisimama, nikamwambia endelea. Lile sitalijibu leo.

Macho yangu yanakwisha. Yalianza Mama akiwa hai. Ni ukungu, kama kioo cha chumba chako cha pasi. Cherehani haijawahi kwenda kwa fundi. Nilishona kidole changu kwenye kola ya mteja, nikaifunika shuka, nikazua fundi. Binamu sikumpita kwa kiburi. Sikujua kama pale pana mtu.

Na bakuli jeupe nililiweka juani, nikainama, nikaangalia. Maji yalikuwa ya rangi ya maji. Nikasema yatakuwa sawa tu, maana nimekata penye kitambaa. Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu mkubwa ni mimi. Mama alijua bila kuambiwa. Ndiyo maana akafunga kile kitambaa. Alinishika mkono akanipeleka mpaka pale, akasema, "Wewe usitafute mti, tafuta kitambaa." Si kwa ajili ya wapita njia kama nilivyokuandikia. Ilikuwa kwa ajili yangu. Nimemuumiza mtoto wako kwa mkono wangu huu, mdogo wangu, na tangu jana sijala.

Lakini sikiliza. Leo asubuhi nimekwenda mtini na mwalimu. Ananiambia kitambaa kile si cha kijani. Ni cha bluu, hakina nukta hata moja. Na mti kilipofungwa, amekwangua kidogo akaloweka, maji ni ya njano. Ule mwingine, hatua sita, hauna kitu, na maji yake ni mekundu kama ulivyosema. Basi kuna mkono uliokitoa cha Mama na kufunga kingine kwenye Pacha. Nimelipapasa na fundo. Mama alikuwa anakaza, huwezi kulifungua bila meno. Hili ukivuta ncha moja linafunguka lote. Ni la mtu anayefunga na kufungua mara nyingi kwa siku.

Nani huyo? Wa karibu na miti ile ni mama muuza mkaa peke yake, naye hufunga magunia. Mchana huu nimemwendea mpaka mlangoni nikamwita mchawi. Amelia mbele ya wanawe. Sasa hatuamkiani, na kisima ni kimoja. Nilifanya haki?

Dada yako.


Tarehe 29 Julai 1986

Mwalimu,

Shikamoo. Najua barua hii utaisoma wewe kwa sauti. Nakuomba usiruke neno kwa kunionea haya, na usilainishe. Ndani ya bahasha mna kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mwekee dada yangu mkononi kwanza, ndipo uendelee.

Dada,

Hicho ulichoshika ni cha Mama. Nilikuwa nacho mimi.

Siku ya kuondoka, baada ya maziko, lori linanipigia honi barabarani, nilizunguka nyuma kuuaga mti wake. Nikakiona. Ulikuwa umeshagawa nguo zake zote kwa majirani, mimi nikaambulia kopo la unga. Damu ikanichemka. Nikakifungua kwa meno, nikakitia kifuani. Halafu nikaogopa utajua. Nikakimbilia ndani, nikachana kipande cha aproni yangu ya kazi, ya bluu, nikarudi mbio nikakifunga. Nilikuwa nalia na honi inapigwa. Miti miwili sura moja, na nilitokea upande wa pili wa nyumba. Nikafunga nilipofika. Fundo ni la kufungia mafurushi ya wateja, silijui lingine siku hizi.

Niliona ni kitambaa tu. Sikujua kwamba ndicho macho yako. Ungeniambia, dada! Lakini hata mimi nilipaswa kukuambia. Uliponiandikia Aprili kwamba umekata penye kitambaa cha kijani, nilifungua kabati langu, na kijani kilikuwa mle. Nilijua unakosea mahali. Nikanyamaza kwa aibu, nikaona heri wewe uwe mwongo kuliko mimi kuwa mwizi. Nikachemsha magome nikijua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Si wewe uliyemuunguza. Ni mimi niliyemtia kwenye beseni.

Mwendee mama muuza mkaa leo hii, umwambie ni mimi. Umpe jina langu lote.

Nilichoandika kuhusu mtoto wako hakifutiki, kwa hiyo sijaribu kukifuta. Niliandika nikijua si kweli.

Kidonge anatembea. Daktari alitupa marhamu, ngozi imefunga, limebaki kovu nyuma ya goti la kushoto, la ukubwa wa kitufe cha koti. Baba yake nimemweleza yote jana. Alitoka, nikadhani ameniacha. Akarudi na karatasi ya daktari wa macho. Anasema huo ukungu huenda ni mtoto wa jicho, na hospitali ya hapa wanautoa. Ule mfuko ameutupa.

Sijui nijiite nani hapa chini.


Tarehe 20 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Hii naandika mwenyewe. Mistari ikipandana vumilia.

Mwalimu aliniwekea kitambaa mkononi akatoka nje mpaka nilipomwita. Ana adabu.

Mama muuza mkaa sikumwendea. Sikumwita mchawi. Fundo la dobi nililijua pale pale vidoleni, nimekuona ukifunga mafurushi mara ngapi? Nilitaka nione kama utamwacha mtu mwingine abebe lako. Mwalimu hakupenda kuandika ule uongo, nikamlazimisha. Hukumwacha. Basi.

Ningekurudishia mtoto upesi siku ile hata angekuwa wa nani. Alikuwa na uzito ule ule wa wangu. Nimekujibu.

Cha bluu nimekichoma. Cha Mama nimekifunga penye mti wake, mwalimu ameloweka gome akaniambia maji ni mekundu, akaniambia tena nilipouliza tena. Lakini sikukifunga mara moja. Kwanza nilikaa nacho kitandani, nikakinusa, nikakigeuza nikakinusa upande wa pili. Kinanuka sabuni. Umekifua, na umekipiga pasi. Hilo hukuliandika.

Njoo na mtoto, nilipapase hilo kovu. Halafu tutakwenda kwa daktari wenu. Nimekasirika bado, njoo hivyo hivyo. Kwa hilo la sabuni nitalia ukiwa mbele yangu, si kwenye karatasi.

Dada yako.